Chinsaga Ndani ya Hema

Jatinder, mwenye duka, alidhani nimepotea njia. Duka lake liko ndani ya bohari isiyo na dirisha, si mbali na barabara ya M6 hapa Birmingham, na wateja aliowazoea ni vijana wa kofia za sweta wanaoongea kwa kunong'ona. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, sare ikichungulia chini ya koti, na sikunong'ona. Nilisema nataka vifaa vya kupanda mboga ndani ya fleti, kwamba sijawahi kuvigusa maishani, na kwamba anieleze polepole kuanzia mwanzo kwa sababu sipendi kurudi dukani kulalamika.

Akasema karibu, hapa kila mtu anapanda nyanya. Alisema hivyo bila kucheka, na kijana mmoja nyuma yangu akakohoa. Kemunto mimi si mtoto. Nilijua vizuri nyanya zinazopandwa ndani ya vyumba vilivyofungwa mapazia ni nyanya gani, nikamwambia papo hapo kwamba sikuja kwa ajili ya bangi. Ili asibaki na shaka nikamwonyesha kwenye simu picha ya mboga yangu, chinsaga, ambayo wengine huiita mgagani. Aliyatazama yale majani, matano matano, yametanuka kama vidole, kisha akautazama mlango. Ilibidi niikuze picha aone kwamba jani la chinsaga halina meno ya msumeno pembeni. Hapo ndipo alipolegea akanivutia kiti.

Nitampa haki yake, kazi anaijua. Mimi nilikuwa nimeshaliona hema kubwa la kupandia mimea pale mbele, la mtu mzima kuingia na kutembea, na moyoni nilikuwa nimeshalinunua. Akanikatalia. Alisema wanaoanza hushindwa kwa sababu ya tamaa. Wanachukua shamba zima halafu hawawezi kulihudumia. Hema la kuanzia ni lile ambalo ukisimama nje, mkono wako unafika kona ya nyuma. Akanipimisha mkono. Taa akanichagulia ya LED, isiyochoma majani wala kula umeme, yenye kamba za kuipandisha kadiri mimea inavyorefuka. Akaongeza vyungu vya kitambaa ili maji yasituame kwenye mizizi, feni ndogo ya kutikisa mashina yapate nguvu, na saa ya soketi ya kuwasha na kuzima taa nikiwa kazini. Yote hayo niliyakubali. Kisha akaleta chujio la mkaa, dude kama pipa, la kufyonza harufu.

Nilimuuliza harufu ya nini. Akasema ya mmea, na huu wangu kwa anavyosoma kwenye simu unanuka sana. Nikamwambia chinsaga hainuki, inanukia, na sijawahi kusikia mtu akinunua mashine ya kuondoa harufu ya mboga yake mwenyewe. Akasema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya majirani. Nikasema majirani zangu ni watu wazuri. Nilitoka na kila kitu isipokuwa lile pipa, na nilijiona nimemshinda.

Yote haya yalikuwa kwa ajili ya binti yangu Angeline. Alipomzaa mtoto wake wa kwanza, Audrey, maziwa yalimkauka kabla mtoto hajajua kucheka. Wakunga walimwambia si kosa lake na chupa si dhambi, na ni kweli, Audrey leo ana mashavu hayashikiki. Lakini mimi nilimsikia akilia bafuni huku amefungua bomba ili tusimsikie, na kilio kile hakijanitoka. Sasa alikuwa mjamzito tena. Jumapili moja ya Januari alikuja kwangu, fleti yetu ya Great Barr, akaketi jikoni, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Birmingham kama ninaweza kumpikia ile mboga ya nyanya yake, mama yangu. Angeline amekulia hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, na vya kwetu havijawahi kumshughulisha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniomba kitu cha nyumbani. Nilimjibu atapata, kana kwamba ninayo kwenye friji.

Kwetu Kisii mwanamke akijifungua hupikiwa chinsaga ili maziwa yajae. Mama alinipikia mimi kule Nyamira Angeline alipozaliwa, sufuria baada ya sufuria, mboga kali iliyotulizwa na maziwa, mpaka nikawa nalowesha godoro kwa maziwa yangu. Sasa Birmingham, mwezi wa Januari, utaitoa wapi? Niliyonunua imekaushwa ilikuwa na ladha ya nyasi za paa. Iliyogandishwa ikayeyuka ikawa matope. Chinsaga inataka joto na jua, na jua la hapa lingerudi mtoto ameshaota meno. Mbegu nilizipata kwa mama mmoja wa Longbridge anayepanda nyuma ya nyumba yake kila kiangazi, na jua nikalinunua kwa Jatinder.

Sikumwambia mtu mbegu zile ni za nini. Mama alinifunza kwamba ya mtoto ambaye hajafika hayatangazwi. Hununui nguo, hutaji jina, huandai chakula cha mzazi watu wakiona. Mume wangu Ronald nilimwambia tu kwamba napanda mboga katika chumba cha zamani cha Angeline. Akasema sawa, Mama Angie, akaendelea kula. Ronald ni mzee wa kanisa letu la Wasabato na hufanya kazi zamu ya usiku kwenye bohari moja ya Washwood Heath. Ni mtu mwema, mnyoofu, na anaiogopa serikali kuliko simba, hasa sasa ambapo ombi lake la uraia bado liko kwa wakubwa. Ni Mkisii kama mimi, ila alizaliwa Nairobi akakulia Buruburu, na chinsaga ameila maisha yake yote bila kuiona hata siku moja ikiwa na mizizi. Hilo halikunijia kichwani.

Mboga ilikua, jamani. Nilikuwa nikitoka kazini navua viatu, nafungua zipu ya hema, naingiza kichwa kwenye joto lile na kuvuta pumzi ya nyumbani. Niliyakatakata maua kila yalipojitokeza ili nguvu ibaki kwenye majani. Mashina yakanenepa, majani yakajaa mpaka yakagusa kuta za hema. Vimla, mama wa fleti ya mkabala, aliniuliza mara moja kwenye ngazi kama nasikia harufu fulani. Nilimwambia ni mboga, nikapita zangu.

Ijumaa moja mwanzoni mwa Machi, Walter, mkwe wangu, alinipigia nikiwa kazini. Angeline alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto wa kiume, wote wazima, na jioni hiyo hiyo wangerudi kwao. Niliimba koridoni mpaka wazee wakatoka vyumbani kuuliza kulikoni. Njiani nilinunua maziwa na krimu, nikapanda ngazi kama msichana, nikaenda moja kwa moja kwenye hema na kufungua zipu.

Taa ilikuwa inawaka, feni inazunguka, na vyungu vyote vilikuwa vitupu. Udongo ulikuwa umetapakaa sakafuni.

Ronald alitokea chumba cha kulala na nguo za kulalia, uso umejaa furaha ya mjukuu, kisha akaniona niliposimama na akavaa ule uso wake wa mimbarini.

"Mama Angie, kaa chini. Sijakasirika na wewe. Nimeng'oa zote, tutaomba, na hakuna mtu atajua."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemliwaza mgonjwa. Asubuhi akitoka kazini alikutana na Vimla kwenye ngazi, naye Vimla kwa adabu zote akamwambia kwamba harufu ya mlangoni kwetu inamkumbusha ile nyumba ya barabara ya pili ambayo polisi walitoa mimea kwa mifuko. Ronald alicheka, akaingia ndani, akanusa, akafungua hema. Akaona taa, akaona feni, akaona jani la vidole vitano. Aliwaza uraia wake, akawaza kanisa, akawaza kazi yangu. Alikata shauri kwamba kuna kijana aliyenidanganya akaniuzia mbegu mbaya, na mimi kwa ujinga wangu nikazimwagilia. Alikuwa ameshanisamehe. Hiyo ndiyo iliyonichemsha damu, kusamehewa.

"Hiyo ni chinsaga, Baba Angie."

"Chinsaga naijua. Chinsaga ni nyeusi."

"Ni nyeusi ikishapikwa."

Akaniuliza kwa sauti ndogo ilikuwa ya nani. Nikamwambia ya Angeline, ya maziwa, alikuja kuniomba mwenyewe, hapo jikoni, yeye ambaye haombi. Nililia kwa hasira, na sikufungua bomba la mtu yeyote kuficha sauti. Nilimwambia kwamba ningeweza kumtupa yeye kwenye pipa la takataka na nibaki na mboga. Ronald aliketi kwenye kitanda cha zamani cha binti yake, mikono magotini. Naye alikuwa amekisikia kile kilio cha bafuni. Hatukuwahi kukizungumzia.

Nilimuuliza amezitupa wapi. Hapo ndipo uoga wake ulipotuokoa, maana hakuwa amezitupa. Aliogopa mapipa ya chini kwa sababu ya kamera, akaogopa bustani kwa sababu ya mbwa, akaogopa hata mapipa ya kazini. Alikuwa amezifungia kwenye buti ya gari akapanda kulala, akisubiri Mungu amwonyeshe mahali.

Nilishuka na soksi. Baridi ya siku hiyo ilikuwa imelifanya gari friji. Nilipoinua kifuniko, harufu ikanipiga usoni, na chinsaga yangu yote ilikuwa pale, mbichi, na mizizi yake na udongo wake. Na kwa kuwa Ronald hawezi kufanya kitu ovyo hata akiwa anaharibu, alikuwa ameifunga mafungu mafungu kwa kamba, mizizi upande mmoja, majani upande mwingine, vile vile kina mama wanavyoipanga sokoni kwetu. Nilicheka peke yangu pale maegeshoni huku machozi hayajakauka. Mtu wa Buruburu alikuwa amevuna.

Tatizo lililobaki lilikuwa jua. Lilikuwa linashuka nyuma ya nyumba za jirani, na nyumbani kwetu jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia. Jiko halipiki mpaka kesho jioni. Si desturi ya kanisa tu, ni ya Ronald. Amewahi kula mkate mkavu siku ambayo nilichelewa na zamu. Na chinsaga kuichambua ni kazi, jani kwa jani, kisha ichemke, imwagwe maji ya uchungu, ichemke tena na maziwa taratibu. Nilitandaza gazeti mezani nikaanza kuchambua bila kumtazama. Nilikuwa nimeamua kwamba akisema neno, atanijua.

Ronald alizima simu yake, akaja na kiti, akaketi mbele yangu akavuta fungu moja. Alikuwa anachuma vibaya, na vikonyo vyake. Nilimwonyesha mara moja, akashika. Dirishani kukawa giza, na Ronald, mzee wa kanisa, akainuka kuwasha jiko kwa mkono wake, akarudi kuketi akaendelea kuchambua. Niliiangalia ile mikono mikubwa ikihangaika na majani madogo, na hasira ikaniisha, ingawa sikumwambia.

Sufuria aliibeba yeye, imefungwa kwa taulo. Kwenye ngazi tulikutana na Vimla, naye akasita, harufu ikiwa imemfikia. Mimi nilitaka kupita. Ronald akasimama, akafungua taulo, akainua kifuniko na kumwambia kwa Kiingereza chake cha mimbarini kwamba hii ni mboga ya binti yetu aliyejifungua leo, na kwamba ameivuna yeye mwenyewe. Vimla aliinama akanusa, akasema kwao pia kuna chakula cha mama aliyejifungua, akampongeza. Ronald akazipokea pongezi zote. Nilimwachia. Garini nikamsimulia kisa cha Jatinder na lile pipa lake la harufu nililolikataa.

Angeline alikula akiwa ameegemea mito, mtoto kifuani. Kijiko cha kwanza kilimkunja uso wote. Cha pili alifumba macho. Tulikaa pale, mimi na baba yake, tukimtazama anavyokula mpaka akakwangua bakuli, na sufuria tukaiacha kwa Walter awe anapasha moto kidogo kidogo, maana chinsaga ikilala ndiyo inapokuwa tamu.

Baada ya hapo nilingoja. Sikupiga simu kuuliza, maana ukimuuliza mzazi kila saa unamkausha. Katikati ya wiki, mchana, simu ikalia. Niliweka sauti ya juu ili Ronald, aliyekuwa ameamka tu, asikie mjukuu akilia. Mjukuu hakuwa analia. Kulikuwa na sauti ya kumeza, ya mtoto aliye kazini. Kisha Angeline akasema kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno.

"Mama. Imekuja. Imelowesha shati yote." Nikasikia akimhamisha mtoto upande wa pili. "Ile mboga, iko ingine?"

Miaka yote ameniita Mum; sijawahi kumsikia akiniita Mama. Sufuria ilikuwa imekwanguliwa, vyungu vyangu vilikuwa vitupu, na mbegu zilizobaki zilijaa kiganja kimoja.

"Iko," nikamwambia.

Nilipokata simu nikageuka, Ronald alikuwa ameshavaa viatu na anatafuta funguo za gari.

"Safari hii," akasema, "tunanunua na lile pipa la harufu."