Siku Niliyosimama Katikati ya Tambiko

Maumivu yenyewe nitayataja kama yalivyo, maana nikizungukazunguka mtadhani ni kitu kingine. Yanaanzia ndani ya njia ya haja kubwa. Hayabishi hodi. Umekaa unamenya ndizi, au unacheka na mjukuu, mara msuli wa mle ndani unajikunja, unajikaza, kama mtu anayekamua blanketi lililolowa, anakamua tu na huruma hana. Jasho linakutoka. Kukaa huwezi, kusema huwezi. Halafu yanaachia. Yakishaachia yameachia kabisa, hakuna damu, hakuna uvimbe, unarudi kwenye ndizi zako kama mtu aliyesingiziwa.

Yalinianza nikiwa na watoto watatu. Wa kwanza kumwambia alikuwa Birago, binti wa mama yangu mdogo. Tulikulia nyumba moja, tukalala mkeka mmoja, na kwetu Waasante wa Ghana mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako wa tumbo moja, hakuna cha binamu.

"Hiyo ni kooko," akasema, hata sijamaliza.

Kwetu chochote kinachouma kuanzia kiunoni kushuka chini ni kooko. Kwingine wanaita bawasiri, lakini kooko yetu ni pana zaidi. Mgongo ukiuma, kooko. Mume akilala mapema, kooko. Wauza dawa wanapanda mabasi ya Kumasi kuihubiri kooko kuliko mchungaji anavyomhubiri shetani. Basi Birago akasaga tangawizi na pilipili, akachanganya na maji, akajaza kile kipira cha kusafishia tumbo, chenye mdomo mrefu unaoingizwa nyuma, ambacho hakikosekani nyumba yoyote kwetu.

"Inama."

"Pilipili umetia ngapi?"

"Inama, mwanamke! Si umezaa wewe? Unaogopa kipira?"

Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza nani amekufa. Na maumivu yakarudi wiki iliyofuata kana kwamba tumeyaalika. Miaka ikaenda hivyo, yakija napigwa kipira, nikipigwa kipira yanakuja.

Mwishoni nikaenda hospitali ya wilaya. Birago alinisindikiza kwa sababu yeye Kiingereza anakijua. Mimi niliachia darasa la tatu mama alipougua. Daktari alikuwa binti mdogo kutoka mbali, lugha yetu haijui. Akavaa glavu, akapima kwa kidole, akaniomba radhi. Kisha akakunja ngumi mbele ya uso wangu, akaikaza, akaifungua polepole, huku akiongea. Birago akanitafsiria.

"Anasema si kooko. Ni msuli unajikaza wenyewe. Kwa nini unajikaza, hata wao hawajui. Hauui, wala hauozeshi kitu. Ukikubana, kaa kwenye beseni la maji ya moto, yasikuunguze lakini, uvute pumzi taratibu, ulegeze mwili. Usipokuwa na maji, simama utembee. Na pilipili uache." Hapo akaangua kicheko. "Haya, dada, pilipili yangu imefukuzwa kazi!"

Tulicheka njia nzima mpaka nyumbani. Siku ile naipenda hata sasa, na ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Maji ya moto yalinisaidia. Nilipokuwa mbali na beseni, nilisimama, nikaegemea ukuta, nikatoa pumzi kama anayepuliza moto usiwake haraka, nikalishusha tumbo kama mtu aliyeko chooni. Mara nyingine yaliachia kwa hayo. Mara nyingine yaliachia yenyewe, maji yakapata sifa za bure. Sikujali. Nilijua ni nini, nikaacha kuogopa.

Kisha akafa Nana Konadu, mama mkuu wa nyumba yetu. Kwetu mwanamke huyo ndiye anayejua nani alizaliwa na nani, ndiye anayesuluhisha wake na waume, na bila neno lake hakuna anayeolewa wala kuzikwa. Macho yake yalipofifia, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilikaa kando yake nikimtajia nani ameingia na nani ameondoka amenuna. Kile kigoda chake cha umama mkuu nilikitaka. Wanawake wenzangu wanapenda kusema hawakutaka. Mimi nilikitaka, tena sana. Birago ndiye aliyesema hataki.

"Mimi na kelele za watu wapi na wapi," aliniambia. "Kaa wewe. Mimi nitakuja kula."

Msiba ulipokwisha ukoo ukakutana uani, chini ya turubai. Jina langu lilishakubaliwa, ilibaki kuwaambia waliotangulia. Kwetu hilo linafanywa hivi: mkuu wa ukoo anamimina pombe kali ya jini chini kidogo kidogo akiwaita wafu kwa majina, na anayetajwa kwao anakaa mbele ya watu wote, asiinuke mpaka tone la mwisho. Ukiinuka, si wewe uliyeinuka. Ni wao wamekuinua, wamekukataa. Hata mtoto anajua.

Nikakaa. Mzee Nsiah, mkuu wa ukoo, akaanza kuita. Wa zamani wakapita, wakaja wa juzi, na alipofika kwa Nana Konadu, yakanibana.

Nililishusha tumbo. Nikapuliza pumzi. Nikamtazama mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo, nikajiambia, Dufie, mtazame mbuzi, yatapita. Hayakupita. Mwili ukasimama wenyewe.

Mkono wa Mzee Nsiah ukaganda hewani na glasi yake.

"Dufie! Kaa chini!"

"Mzee, nivumilie kidogo."

"Nikuvumilie? Waliotangulia wamekuja kunywa, niwaambie wasubiri mlangoni?"

"Una nini wewe?" akauliza mjomba Poku, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

Ningeweza kusema tumbo. Nikasema kweli. "Msuli wa huku nyuma umenibana. Unaachia sasa hivi."

Kicheko kikaanzia upande wa wakamwana.

"Kooko!" Poku akapiga paja. "Mama mkuu mwenye kooko! Atatusuluhisha amekalia tako moja?"

"Si kooko. Daktari alisema. Birago alikuwepo, muulizeni."

Mzee Nsiah akageuka. "Birago, ulikwenda naye?"

"Nilikwenda, Mzee."

"Daktari alisemaje?"

Birago akazungusha bangili mkononi. Wakati huo maumivu yalikuwa yameshaniachia. Nilisimama wima, mzima, mwepesi, nikimtazama dada yangu nikingoja aseme maneno ambayo mwenyewe ndiye aliyenitafsiria.

"Ni siku nyingi, Mzee. Yule daktari aliongea Kiingereza cha haraka. Sikushika vizuri."

"Birago!"

"Sasa dada, unataka niseme uongo mbele ya wazee?"

Watu wakaguna. Mzee Nsiah akanirudia mimi, na sauti yake ilikuwa ya upole, hilo silisahau.

"Bado unaumwa?"

"Hapana. Yameachia."

"Yameachia."

"Ndivyo yalivyo, Mzee. Yanakuja, yanaondoka. Naweza kukaa sasa hivi tukaendelea."

Akaitazama ardhi palipomiminwa jini. Palikuwa pabichi bado. "Mwanangu, ungekuwa unalia hapo chini, ningewaomba wazee wakungoje mpaka upone. Lakini ugonjwa unaomtupa mtu juu na kumwacha mzima kabla pombe haijakauka mimi siujui. Huo si ugonjwa. Umeinuliwa."

Laiti ningekuwa na jipu la kumwonyesha! Damu kidogo tu ingenitosha. Nilikuwa mzima kama yai, na uzima wangu ndio ulionihukumu.

Wakamtaja Birago. Akakataa, kama inavyotakiwa. Wakamsihi, akakataa tena, sauti imepungua. Wakamsihi, akakaa. Chupa nyingine ikafunguliwa, wafu wakaitwa upya, na yeye hakutikisika hata kope. Ana makalio yenye amani yule.

Kilichobaki ni kumpaka chaki nyeupe shingoni na mikononi, alama ya aliyeshinda. Kazi hiyo ni ya mwanamke anayemfuata kwa umri, naye ni mimi. Wakaniletea bakuli. Nikainama.

"Dada, umenuna," akaninong'oneza.

"Sijanuna. Geuza shingo."

"Nilitaka kusema. Mdomo tu ulikuwa mzito."

"Mdomo wako hauna ugonjwa. Lete mkono."

"Watu wanatuangalia, dada, cheka kidogo."

Nikacheka. Nikampaka mpaka kwenye viwiko, nikarudia shingo, sikuacha mahali. Wanawake wakapiga vigelegele, na nyuma yangu nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba ndugu wanaopendana kama hawa wawili siku hizi hawapatikani.