Waliobaki kwenye Ma

Mwalimu Lidwina Ngonyani alirudi darasa la kwanza saa nane mchana kuchukua sweta yake aliyoisahau kwenye kiti. Songea ikifika mwezi wa tano huwezi kutembea bila sweta, na watoto wake walikuwa wameshakwenda nyumbani tangu saa sita. Akawakuta watoto hamsini na wanane wamekaa kwenye madawati, wamekunja mikono, wanatazama ubao.

Aliwafahamu wote. Aliyekaa dirishani alikuwa Pamela, bado na pengo la meno mawili. Nyuma yake alikuwa Otto na kamasi zake. Pamela na Otto walikuwa pia darasa la saba, jengo la pili, wamerefuka, na sauti ya Otto imeshaanza kukwaruza. Hawa wa hapa walikuwa na miaka saba, kama walivyokuwa siku shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Machi 2020.

"Shikamoo mwalimu," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Tulifika wapi?"

"Ma me mi mo mu."

Mlinzi, Mzee Fransisko, alikuwa anapita na fyekeo lake. Akachungulia.

"Hao wapo tangu ile korona," akasema. "Kila siku mchana. Mimi nikajua ni wa twisheni."

Akaendelea na nyasi zake.

Lidwina hakuhitaji maelezo. Mwaka ule, jioni ya mwisho, alikuwa ameandika ma me mi mo mu ubaoni tayari kwa kesho yake. Kesho yake ilikuja baada ya miezi mitatu. Kikao cha walimu kikaamua kwamba kalenda haimsubiri mtu: saa za kufidia wapewe wenye mtihani, na la kwanza waendelee pale azimio la kazi lilipo, kwenye sentensi fupi. Basi akafungua shajara ya somo, akaweka vema kwenye m, kwenye n, kwenye p, mpaka z. Vema kumi, zote zikisema imefundishwa. Akanywa chai. Funika kombe mwanaharamu apite, na kweli alipita, tena alikagua na kugonga muhuri. Asubuhi Lidwina akaandika "Mama anapika wali", na watoto wakaitazama sentensi ile kama watu wa kijijini wanavyolitazama basi lisilosimama kwao.

Tangu siku hiyo walisoma walichonacho. Otto mkubwa, miaka kumi na mitatu, kwenye neno samaki aliona karatasi nyeupe, halafu a, halafu karatasi nyeupe tena, halafu a, halafu ki. Waliosalia walikuwa hivyo hivyo, na walikuwa wamejifunza kuinamisha vichwa mwalimu akitafuta wa kusoma.

Lidwina akavaa sweta, akashika chaki, akaanza na ma.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Otto. Aliposoma neno samaki lote, akasimama, akapangusa kaptula, akavuka uwanja mpaka jengo la pili. Akaenda moja kwa moja kwenye dawati la Otto mkubwa, akakaa palepale alipokaa mwenzake, na dawatini akabaki Otto mmoja.

Siku ya pili Mwalimu Rupert wa la saba alimsimamisha Lidwina karibu na bomba. "Otto kasoma barua ya kikao cha wazazi mwanzo hadi mwisho," akasema. "Kesho unaniletea nani?"

"Pamela, akiacha kuchanganya ra na la."

Mwalimu mkuu, Hironimus, hakupinga. Alisema tu kwamba chaki za kuwafundishia hawa hazipo, kwa sababu kwa mujibu wa shajara walishafundishwa, na kwamba kwenye mahudhurio mtoto haandikwi mara mbili. Lidwina akanunua chaki dukani.

Mpaka mwisho wa Julai walikuwa wamekwenda hamsini na saba. Akabaki Zuhra.

Si kwamba Zuhra hakujua. Alikuwa wa kwanza kufika za, siku nyingi kabla ya Otto. Kila alasiri alisimama, akatoka, akafika katikati ya uwanja, akatazama jengo la pili, kisha akarudi kukaa. Zuhra mkubwa hakuwepo darasa la saba. Alishindwa mtihani wa darasa la nne, na mwalimu wake alipokuja kuuliza mtoto huyu la kwanza alikuwaje, Lidwina alikuwa anamenya chungwa. Akajibu neno moja: "Mzito." Neno likaandikwa kwenye ripoti. Baba yake, Swalehe, mfanyabiashara, akalisoma, akaona hakuna haja ya kuendelea kununua sare. Akampeleka kwa bibi yake Nakapanya.

Lidwina alikuwa anastaafu Desemba, na chumba kile kilishapangwa kuwa stoo. Aliumia. Katika miaka thelathini na minane alikuwa amekosea mengi, lakini kosa hili lilikuwa na miguu miwili na kila siku lilimpa shikamoo.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane akamshika mkono Zuhra mdogo, wakapanda basi la alfajiri la kwenda Masasi. Konda alisema mtoto wa kupakatwa halipi.

Zuhra mkubwa walimkuta kando ya barabara na bibi yake, Bi Biasha, wanafunga korosho za kukaanga kwenye vimfuko.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Zuhra. Nimekuletea huyu."

Zuhra mdogo naye akamwamkia Zuhra mkubwa, kwa kuwa alimzidi umri. Mkubwa akaitika marahaba.

"Mashallah, ndiye yuleyule," akasema Bi Biasha. "Mpeni maji, katoka safari."

"Anajua yote, mpaka za," akasema Lidwina. "Mpakate tu, utasoma."

"Mimi mzito, mwalimu. Iliandikwa."

"Hukuwa mzito. Sikukufundisha. Niliandika nimekufundisha, halafu nikasema mzito ni wewe."

Akalia, mtu mzima, barabarani, mbele ya beseni la korosho. Zuhra mkubwa alimsubiri amalize, akampa maji yaliyobaki kwenye kikombe.

"Shule wanasemaje?" akauliza.

Lidwina alikuwa amekwisha kuuliza. "Jina lako lilikatwa. Ukirudi, unaanzia la nne, na watoto wa miaka kumi. Na baba yako amesema hatoi sare."

"Kwa hiyo huyu akiingia kwangu, atakaa hapahapa, na korosho?"

"Ndiyo."

Zuhra akamtazama mdogo wake. Alikuwa amechuchumaa karibu na ndoo ya mafuta ya kula, anamsomea Bi Biasha maandishi ya ubavuni, neno kwa neno, na bibi alikuwa anaitikia kila neno kama dua. Zuhra akanyoosha mkono, ukafika karibu kabisa na bega la mtoto. Akaurudisha, akafunga kimfuko kilichokuwa wazi.

"Mrudishe, mwalimu," akasema. "Mimi nimeshazoea. Huyu bado anaipenda shule."

Bi Biasha akamfungia mtoto kimfuko kimoja cha njiani.

Basi la kurudi Songea lilipita saa nane. Zuhra mkubwa alikimbilia madirishani na beseni lake, akauza vimfuko vitatu, akapunga mkono. Zuhra mdogo alikaa mapajani mwa mwalimu, paji la uso kwenye kioo. Kutoka hapo mpaka Namtumbo alisoma kwa sauti kila kibao kilichokuwa kando ya barabara, na hakukosea hata kimoja.