Picha ya Jicho la Kuume

Marcelline alibakiwa na jicho moja la kuokoa, la kushoto, na sindano yake ilikuwa Jumatatu. La kuume lilikwisha kazi. Daktari Cirimwami alimweleza bila kumficha: dawa imekausha maji yaliyoletwa na kisukari nyuma ya jicho, picha ya mashine imekuwa safi, lakini sehemu inayoona ilishakufa chini ya maji yale. La kushoto, lililokuwa likiona ukungu tu, lingeokolewa, mradi asikose sindano.

Wifi yake Olive, aliyempeleka, maneno hayo hakuyasikia. Alikuwa nje akipiga soga. Alichorudi nacho nyumbani, mtaa wa Mabanga, ni picha mbili za jicho la kuume, ya zamani yenye nundu na mpya iliyonyooka. Akazitandaza mbele ya kaka yake Sikuli, mume wa Marcelline.

"Yaya," akamwambia kaka yake, "angalia mwenyewe. Uvimbe ulishaisha. Huyu mama anaona muzuri, anakimbia tu kazi."

"Sioni, Papa Guylain," Marcelline akamwambia mumewe. "Dokta alisema..."

"Picha inasema ingine," Sikuli akamkata.

Jumamosi ukoo ulikusanyika kuandaa karamu ya misa ya kumkumbuka marehemu baba mkwe. Olive, mwanamke mwenye roho mbaya kweli, akachanganya vijiwe vya volkano kwenye maharagwe, akampa Marcelline ungo mbele ya watu wote. Angesema hawezi, yangeisha. Lakini huyu aliuza sokoni maharagwe yaliyotoka Kiwanja tangu usichana, na kiburi kikampanda. Vidole vyake vikatoa kila kijiwe.

Watu wakapiga makofi.

"Ni vidole!" akalia. "Macho haiko!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sikuli akatangaza kwamba hospitali imetosha, Jumatatu hakuna safari.

Olive akamsogezea ungo wa pili. Sasa Marcelline aliogopa, akafanya alichopaswa kufanya mwanzo: akaacha vijiwe vyote viende chunguni.

Kesho yake, karamuni baada ya misa, mzee Baharanyi, baba mdogo wa Sikuli, aliuma kijiwe na jino likavunjika. Damu ikamchuruzika mpaka kwenye shati.

"Munaona sasa?" Marcelline akasema upesi, karibu kwa furaha. "Sikuona mawe! Sioni!"

Sikuli akamzaba kofi.

"Jana ulitoa yote. Leo unavunja muzee jino kwa kusudi, na bado unafurahi?"

Hakuna aliyemtetea. Hata Baharanyi mwenyewe, kitambaa mdomoni, alitikisa kichwa kuunga mkono.

Jumatatu asubuhi Sikuli alifunga mlango kwa nje akaenda kazini. Marcelline, akiwa amevaa kitenge chake cha kutokea, aliupiga ule mlango kwa ngumi mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha akasikia simu ikilia uani, na Olive akiipokea kwa sauti ya adabu.

"Hapana, Dokta, leo hakuje. Alishapona kabisa. Tunakushukuru sana."