Lut

Askari waliingia nyumbani kwa Munshi Karamat Husain asubuhi, siku ya tatu baada ya Waingereza kuuteka mji wa Lakhnau, Bara Hindi. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa lugha. Bintiye mjane, Mahliqa, alikuwa amekaa karibu na meko, wala hakuinuka. Walibeba masufuria ya shaba, mazulia, shali aliyoolewa nayo, hata kiko cha maji cha marehemu mumewe. Walirushiana vitu dirishani huku wakipiga kelele na kucheka: "Lut! Lut!"

Mahliqa hakujua Kiingereza hata kidogo, lakini neno hilo alilielewa.

"Baba," alinong'ona, "si neno letu hilo?"

"Letu. Wanalo tangu enzi za babu zao. Nyamaza, mwanangu, wasije wakatugeukia."

Mahliqa alingoja kilio kimjie, hakikuja. Aliwatazama kama mtu anayetazama mvua ya jirani.

Adhuhuri Bi Amtul wa nyumba ya pili alikuja, akasimama kizingitini.

"Jamani, na mlango wamechukua? Sasa mie nibishe hodi wapi?"

Munshi alicheka mpaka akakohoa. Mahliqa aliuona mdomo wa baba yake ukicheka, akajua kuna jambo la kuchekesha, basi. Yeye hakuhisi kitu.

Walihamia mji mdogo wa Kakori kwa shangazi yake. Mahliqa alipika, alifua, alidarizi vitambaa vya watu. Shangazi akimwuliza hali, alijibu, "Alhamdulillahi," kisha akaendelea na sindano.

Mvua zilipokwisha, luteni mmoja kijana aitwaye Thornby alikuja kutafuta mwalimu wa Kihindustani. Munshi hakuwa na kazi nyingine. Mahliqa alikuwa nyuma ya pazia akichambua dengu, masomo yote akiyasikia.

"Mwalimu," Thornby alisema siku moja, akichapia kila neno, "rafiki yangu anabisha. Anasema lut ni Kiingereza. Mimi nasema Kihindustani. Nani ameshinda?"

Mahliqa aliacha dengu.

"Umeshinda wewe, bwana," Munshi alijibu. "Ni kupora. Ni neno kongwe, asili yake Kisanskriti, lugha ya vitabu vya Wahindu. Kwetu limekuwepo kabla hamjatujua."

"Na sisi tulilipataje?"

"Mlilisikia hapa, mkaondoka nalo."

Thornby alicheka sana, akaliandika. "Mwalimu, nipe mfano. Sentensi moja."

"Ghar lut gaya," Munshi alisema polepole. "Nyumba imeporwa."

Kijana alirudia. Munshi akamsahihisha matamshi. Akarudia tena, mara ya nne akapatia.

"Hodari," mzee alisema.

Thornby alipoondoka, Munshi alibaki palepale mkekani, mikono magotini. Mahliqa alimletea mkate na dengu.

"Ulisikia?" aliuliza mzee.

"Nilisikia."

"Ningemwambia nini? Ana miaka ishirini. Siku ile hata hajafika nchi hii."

"Kula, Baba, chakula kinapoa."

Mzee akamega mkate. Mahliqa aliketi karibu naye, akajaribu kuikumbuka shali, rangi yake na tarizi zake. Ilimjia yote, hata uzi uliokuwa umefumuka pembeni. Moyo haukumwuma. Aliona kwamba hilo ndilo lililomtisha, nalo lilimtisha kidogo tu.

"Kesho anakuja?" aliuliza.

"Kesho na keshokutwa."

"Basi nitafua kanzu yako."