Kitabu cha Wapiga Mbizi wa Duluti

Kuni zilikuwa mbichi. Namelok alipiga magoti mbele ya pipa la maji akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka. Kuni kavu zilijaa tele msituni, hatua chache tu kutoka pale, lakini msitu ulipigwa marufuku tangu klabu ilipopewa ziwa. Akaokota alichoruhusiwa kuokota: matawi ya mibuni yaliyokatwa juzi, majani yakiwa bado juu yake.

Maji hayo yalikuwa ya wazungu watakaotoka ziwani wakitetemeka. Duluti ni ziwa lililolala ndani ya shimo, jua hulifikia kwa kuchelewa, na asubuhi baridi yake hugonganisha meno. Zamani ng'ombe wa ukoo wake walinyweshwa hapo hapo penye gati. Kisha mabwana wakaja na mitungi ya hewa ya kubeba mgongoni, wakachora ramani ya chini ya maji, wakapatia majina mahali ambapo hakuna mwenyeji aliyewahi kupaona: Ngazi, Kanisa, Msitu Uliozama. Mpiga mbizi hutaka maji maangavu, na kwato za ng'ombe hutibua matope. Basi ng'ombe wakafukuzwa. Wanawake waliokuwa wakichota maji hapo wakaelekezwa mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, debe kichwani. Sasa ulikuwa mwaka 1956, na klabu ilikuwa na umri wa miaka miwili.

"Dada, moshi huu utawarudisha wageni Nairobi," alisema Lerionka.

Alikuwa mdogo wake, mwanamume mrefu wa miaka ishirini na mitano, aliyeoa mwaka uliotangulia. Alisimama nyuma yake akijifunga mtungi mgongoni kwa mkanda ulioungwa kwa kamba ya katani.

"Nenda zako, bata wa klabu."

"Bata! Bata gani anayebeba chuma?"

"Na chuma chenyewe kimeota kutu. Huo si ule mtungi waliosema watautupa?"

"Ni mkongwe kuliko Bwana Kiko," Lerionka akacheka. "Lakini jana ulinipeleka, na juzi ulinipeleka. Niwekee chai. Si ile ya wageni, ile yetu, yenye sukari."

Akashuka ngazi za gati na kamba begani. Kazi yake ilikuwa kuwatangulia. Chini kule kuna giza la kijani, mtu hauoni mkono wake akiunyoosha, na mgeni akiachwa peke yake hupotea. Kwa hiyo Lerionka alizama kwanza, akafunga kamba kutoka kisiki hadi kisiki, Ngazi mpaka Kanisa, Kanisa mpaka Msitu Uliozama, na wageni wakaifuata wakiishika kama watoto wanaofundishwa kutembea. Wakichoka wanarudi. Yeye hubaki nyuma kuifungua kamba na kuikunja.

Baada yake wakashuka Bwana Kiko, mwenyekiti wa klabu, aliyepewa jina hilo kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni ila majini, na wageni wake watatu kutoka Nairobi. Mkewe, Memsahibu Elizabeth, aliketi chini ya mwavuli na kitabu mapajani. Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi. Kila aliyeingia majini aliandikwa humo na saa yake, na kila aliyetoka alitiwa alama. Sheria ya klabu ilikuwa hiyo: hakuna anayeondoka gatini mpaka hesabu imetimia.

Lerionka hakuwa kitabuni. Na hili, Namelok alilijua, lilianzia kwao.

Siku klabu ilipofunguliwa, Memsahibu aliwapanga watumishi wote kwenye mstari akaanza kuwanyoshea kalamu: mmoja, wawili, watatu. Mama yao, Nkasiogi, alikuwa amekuja kuwasindikiza wanawe. Alipoiona kalamu inamkaribia Lerionka akajitupa katikati. Kwao watu hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi. Mchungaji husimama mlangoni mwa zizi jioni akatazama, na asiporudi yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, anamjua kwamba ni yule. Kuhesabu ni kukiita kifo kije kichague. Namelok ndiye aliyeyaweka maneno ya mama yake katika Kiswahili: "Mama anaomba watoto wake wasihesabiwe."

Memsahibu alicheka, wala hakuwa na ubaya. "Haya. Kazi yangu nakuwa kidogo." Tangu siku hiyo hakuna mtumishi aliyeandikwa.

Sasa maji ya pipa yalipoanza kutokota, Bwana Kiko alichomoza ziwani, kisha mgeni mnene, kisha wale wawili waliofanana. Namelok akawapa taulo na mabeseni ya maji ya moto. Waliongea kwa sauti kubwa, kama watu wote watokao mahali penye kimya. Mmoja wao alisema chini hapo hapana rangi, ni matope na magogo tu. Ngoja waende Tanga Ijumaa wakaone matumbawe, huko bahari imeota maua ya mawe. Jamaldini, karani wa klabu, mtu wa Pangani, aliyafasiri maneno hayo kwa Namelok huku akimimina chai, kwa kuwa alipenda kusikia kwao kukisifiwa.

Namelok hakumsikiliza. Alikuwa amewatazama waliotoka.

"Memsahibu. Lerionka hajatoka."

Memsahibu akapitisha kalamu kwenye ukurasa. "Nne naingia, nne natoka. Hesabu mzuri."

"Lerionka, Memsahibu. Mwenye kamba."

"Yeye natoka upande ile," alisema Bwana Kiko akijaza tumbaku, na kwa mkono akaonyesha ng'ambo, kwenye mafunjo. "Yeye nalala. Mimi najua yeye."

Namelok akakimbia kuzunguka ufuo mpaka kwenye mafunjo, akiita. Kenge mmoja alijitupa majini. Akarudi akitweta, miiba imemchana miguu. Wageni walikuwa wameanza kula.

"Hayupo! Bwana, hayupo! Ule mtungi mbovu, wewe mwenyewe ulisema utautupa!"

"Shuka umtazame, Bwana," Jamaldini aliomba kwa sauti ya chini. "Mtungi mmoja umejaa."

Bwana Kiko akautazama mtungi huo, uliosimama kivulini peke yake, umepakwa rangi ya njano. Akamtazama mgeni mnene. "Ile ya bwana huyu, ya saa tisa," alisema. "Nangoja kidogo. Mtu hii narudi."

Wakangoja kidogo. Kijiko kiligonga kikombe. Namelok aliyaangalia maji, na maji hayakuwa na kitu, hata povu moja. Kisha akamwona Memsahibu anafunga kitabu, anapitisha utepe wake katikati, anaupiga ukurasa kwa kiganja kama mtu aliyemaliza siku yake. Namelok hakujua miguu yake ilimpelekaje. Alikipokonya kitabu kile, akaenda nacho mpaka mwisho wa gati, akakitupa ziwani kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Na chenyewe kihesabiwe!" alipiga kelele, kwa lugha ya mama yake, wala hakuna aliyemfasiria.

Hapo ndipo watu waliposimama. Viti vilianguka. Memsahibu alitoa sauti ambayo Namelok alikuwa ameisubiri tangu asubuhi itolewe kwa ajili ya mtu. Kitabu kile kilikuwa na sahihi ya Gavana. Bwana Kiko akatupa kiko, akaubeba mtungi wa njano, akavaa miwani, na Namelok akaanguka kwa magoti gatini akashukuru, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, akamshukuru Mungu wa kanisani na yule wa mlimani. Aliona povu likienda. Akalifuata kwa macho akingoja lielekee kushoto, kwenye Msitu Uliozama.

Povu halikuenda kushoto. Lilizunguka pale pale chini ya gati. Baada ya muda mfupi Bwana Kiko akachomoza na kitabu mkononi, maji yakimchuruzika, na wageni wakampigia makofi.

Mchana ule wote Memsahibu alikianika juani, akitenganisha kurasa moja moja kwa kisu cha siagi.

Kwa siku nne wanaume wa boma la kina Namelok walimtafuta Lerionka kwa kulabu na kamba. Kulabu zilinasa magogo, kamba zikakatika. Polisi walikuja, wakapewa chai, wakaandika kwamba ni ajali. Mke wa Lerionka alirudishwa kwao, kule Sakina, na mimba ya miezi mitano. Nkasiogi hakula. Alikuwa Mlutheri wa siku nyingi na alitaka jambo moja tu: kaburi, migombani, karibu na la mumewe, mahali atakapoweza kwenda asubuhi akamsalimu mwanawe. Walioweza kumtoa Lerionka kule chini ni wenye mitungi peke yao.

Ijumaa asubuhi Namelok na mama yake wakaitwa klabuni. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya ukumbi, nyuma yake iko wazi, na vibarua walikuwa wakipakia mizigo ya safari ya Tanga. Bwana Kiko na mkewe waliketi barazani. Nkasiogi alikaa kwenye nyasi. Namelok alisimama.

"Shikamoo, mama," alisema Jamaldini akiinama.

Nkasiogi aliitikia kwa midomo tu.

"Dada, klabu imeandika karatasi. Ukitia kidole, na ukimwomba Memsahibu radhi mbele ya wanachama kwa ajili ya kitabu, Bwana anateremka sasa hivi na wenzake wawili. Mpaka adhuhuri mtakuwa naye. Ukikataa, mitungi inakwenda Tanga, na haitarudi mpaka mvua ziishe."

"Nisomee."

Jamaldini akakohoa. "'Familia ya marehemu inakiri kwamba ilikataa kwa hiari yake mtumishi ahesabiwe, kinyume cha sheria za klabu. Inakiri kwamba klabu haina lawama katika kupotea kwa mtumishi mmoja, mwenyeji, mnamo tarehe...'"

"Rudia hapo. Mtumishi nani?"

"Mtumishi mmoja."

"Jina lake?"

Jamaldini aliipindua karatasi, kana kwamba jina lingekuwa nyuma. "Halikuandikwa, dada."

"Kwa hiyo wamemhesabu," Namelok alisema taratibu. "Alipokuwa hai walishindwa. Sasa wameweza."

"Nini nasema?" aliuliza Memsahibu.

"Anafikiri, Memsahibu," Jamaldini akajibu. Kisha akamgeukia Namelok, akasema haraka: "Mimi nina watoto sita, dada, nisamehe kwa kuwataja hivyo mbele ya mama. Nimekwisha kuomba radhi hapa mara nyingi kwa mambo nisiyoyafanya. Ni maneno. Unayatema, unapangusa mdomo, unakwenda zako na maiti yako."

"Namelok," mama yake aliita kutoka kwenye nyasi. Tangu Jumapili ile ya gatini hakuwa amelitaja jina hilo. "Sema. Mimi ndiye niliyekataza kalamu. Kosa ni langu, wewe niazime mdomo wako tu. Mwanangu yuko kwenye baridi."

Namelok alitaka kusema. Alifungua kinywa kwa ajili ya yule mwanamke mwenye midomo mikavu, kwa ajili ya mtoto ambaye angezaliwa bila kaburi la kuonyeshwa. Aliyatafuta maneno akayapata, yalikuwa mepesi kama Jamaldini alivyosema. Kisha Bwana Kiko akatazama saa.

"Kitabu ile naharibika kabisa," alisema, kwa huzuni ya kweli. "Wino yote nakwisha. Wewe naomba radhi kwa memsahibu, sisi napiga mbizi. Shauri kwisha. Mimi hapana mtu mbaya."

Ni kweli, hakuwa na uso wa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa na usingizi na subira, kama ya mtu anayemsubiri mbwa alete fimbo.

"Mtungi wa njano ulikuwa umejaa," Namelok alimwambia. "Ulisema ni wa mgeni. Kitabu kilipozama ukawa wa nani?"

 Bwana Kiko alikitoa kiko mdomoni, akakigonga ukingoni mwa baraza, majivu yakaanguka kwenye maua ya mkewe. Akapunga mkono. Kule chini dereva akapanda, na vibarua wakauinua mtungi wa njano, wa mwisho, wakaulaza juu ya mingine, wakaufunika turubai.

"Dada," alisema Jamaldini. "Dada, lori likiwashwa limekwenda."

Likawashwa. Nkasiogi alijiburuta kwa magoti juu ya nyasi, akaishika miguu ya binti yake kwa mikono miwili, akalilaza paji la uso juu yake, mtu mzima yule, mbele ya vibarua. Namelok aliuhisi uzito wa kichwa hicho. Hakuinama kumwinua, maana alijua akiinama atayasema maneno yale.

"Kwa mara ya mwisho," alisema Memsahibu Elizabeth, polepole, ili mtumishi aelewe. "Wewe naomba radhi?"

"Nilikitupa," alisema Namelok. "Mkikileta tena, nitakitupa tena. Siombi radhi."