Vibendera vya Koplo

Karani wa ofisi ya ajira alikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na kila alipoandika neno refu uzi ulimkatisha njiani. Aliandika umri wa Koplo, akaandika namba ya kibali chake cha kuishi, akaandika kwamba kibali kinakwisha baada ya wiki sita. Kisha akafika kwenye mstari wa kazi ya awali.

"Kutegua mabomu ya ardhini," Koplo alisema. "Miaka kumi na moja."

Karani alipitisha kidole kwenye orodha yake. Palikuwa na upishi, udereva, ususi na ufundi wa bomba.

"Bomba lipo," alisema. "Bomu halipo."

"Basi andika mkulima. Ni kazi ileile, kupiga magoti na kuchimbua."

Karani alipokuwa akiandika, kibendera chekundu kiliota kwenye zulia, katikati ya viatu vya Koplo. Kijiti chake kilikuwa cha waya, kitambaa chake hakikuzidi kiganja. Karani aliinama akakitazama, akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Hapo chini kuna mafaili," alisema. "Ya walioomba kabla yako. Kiache, mfagiaji atakitoa."

Jeshini walikuwa wakivisimika kwa mkono, chekundu palipolala kitu, cheupe palipokwisha kusafishwa. Tangu Koplo alipostaafu vilikuwa vikiota vyenyewe, vyekundu tu, popote aliposimama juu ya kitu kilichofichwa. Yeye na mkewe waliishi kwa shemeji yake, ghorofa ya tatu, na siku ya pili baada ya kuhamia kimoja kiliota kando ya kochi. Mkewe aling'oa ubao wa sakafu akakuta chupa nne za pombe, ambayo kaka yake aliapa hainywi tena.

"Mwanajeshi gani unamchoma shemeji yako?" shemeji alilalamika. "Nimekupokea kama mgeni, kumbe nimejiletea mpelelezi."

Mara tatu kwa wiki mkewe alilala kando ya mashine ya kusafisha damu, kwenye hospitali iliyokuwa vituo viwili vya treni kutoka pale. Kwao, mashine ya namna hiyo ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbovu. Hilo ndilo lililowavusha bahari. Kibali kikiisha bila Koplo kuwa na mkataba wa kazi, wangerudishwa wote wawili, na siku ambazo mkewe angebakiwa nazo zilikuwa zinajulikana. Watu watatu wa nyumba ile waliijua idadi yake, na hakuna aliyeitamka.

Kwa hiyo Koplo alisaka kazi kama alivyosaka mabomu, shubiri kwa shubiri. Kiwanda cha mikate kilimwita, kibendera kikaota mbele ya tanuri. Mwenye kiwanda alikitazama kibendera, akamtazama Koplo, akasema atampigia simu. Kwenye ghala la dawa viliota vitatu. Kwenye nyumba ya kutunzia wazee kiliota kimoja tu, kando ya jokofu, na mama aliyekuwa akimhoji kwa tabasamu alifunga faili. Yeye pia angepiga simu.

"Simu zote hizo zikilia siku moja, tutahama mtaa kwa kelele," shemeji alisema.

Wiki ya nne Koplo alipata kibarua cha ujenzi. Majengo mawili ya ghorofa yalikuwa yamekwisha kupakwa rangi, ikabaki kusawazisha uwanja wa kuegesha magari. Nyapara alimkabidhi mashine ya kushindilia udongo, glavu na kofia ya njano.

"Wiki mbili za majaribio," alisema. "Ukizimaliza, mkataba. Kabla ya hapo hujaandikwa popote, kwa hiyo usiumie."

Koplo alifanya kazi vizuri, ila polepole. Hakuwasha mashine juu ya udongo kabla ya kuudunga kwanza kwa spoku ya baiskeli, kwa mshazari, shubiri kwa shubiri. Akitaka kurudi nyuma alikanyaga nyayo zake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Vibarua wenzake walimwita Sindano.

"Mzee, huku hakuna vita," nyapara alimwambia. "Udongo upige, usiupime presha."

Siku ya tisa alifika kwenye ukuta wa magharibi. Vibendera vikaota saba, kimoja baada ya kingine kila aliposogea, katika mstari ulionyooka. Kutoka kimoja hadi kingine palikuwa na nafasi ya mtu kulala akiwa amejinyoosha. Koplo alipiga magoti, akadunga. Spoku ilizama shubiri mbili, ikagota. Alifukua kwa vidole, kwa utaratibu, hadi ikaonekana kofia ya njano kama yake. Aliirudishia udongo akaupigapiga kwa kiganja.

Fundi zege, mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi pale tangu msingi, alikuwa akila mkate wake ameegemea ukuta.

"Hao ni wa mwaka juzi," alisema. "Ukuta uliwaangukia Ijumaa. Jumamosi tulimwaga kifusi."

"Majina yao?"

"Walikuwa kwenye majaribio, kaka." Fundi zege alikung'uta makombo. "Na wao walitoka mbali. Mmoja alikuwa akiimba vibaya sana. Tulimwomba anyamaze, hakunyamaza hata siku moja."

Koplo alikwenda kwa nyapara, akasimama wima kama anayetoa taarifa kwa mkuu wa kikosi, akamweleza idadi, kina na mwelekeo. Nyapara alivihesabu vibendera kwa kidole akiwa dirishani.

"Saba," alisema. "Ndiyo, saba."

Waling'oa vibendera mchana ule. Kesho yake asubuhi vilikuwa vimeota palepale. Walimwaga kokoto, vikatokeza juu ya kokoto. Mhandisi alikuja na ramani yake, akavitazama kwa muda, akasema vimekaa vizuri kwenye mstari, na umbali wake hauko mbali na upana wa gari. Alichukua penseli akarekebisha michoro.

Siku ya mwisho ya majaribio nyapara alitandaza karatasi mbili kwenye boneti ya gari lake. Ya kwanza ilikuwa mkataba. Ya pili ilikuwa cheti kwamba ardhi imekaguliwa na mtaalamu, na haina kitu.

"Manispaa wanataka saini ya mtu mwenye ujuzi," alisema. "Nimewaambia tunaye askari mzima."

"Niandike, haina kitu isipokuwa saba."

"Fomu haina nafasi ya isipokuwa."

Koplo aliomba siku moja. Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kitandani kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa bado na bandeji ya hospitali.

"Walikuwa na wake?" mkewe aliuliza.

"Sijui. Hawakuandikwa."

Mkewe alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya.

"Kesho ni zamu yangu ya mashine," alisema. "Usichelewe kunipitia."

Koplo alisaini asubuhi, saa moja na nusu. Jeshini, aliyesaini cheti ndiye aliyetangulia kutembea juu ya eneo, mbele ya wenyeji, ili saini yake iwe na miguu. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo pale. Alifanya. Alitembea kutoka kibendera cha kwanza hadi cha saba, kila hatua amekanyaga kwa uzito wote, kisha akageuka kutazama kama vimekuwa vyeupe. Vilikuwa vyekundu.

"Umemaliza gwaride?" nyapara aliuliza, akampa nakala yake ya mkataba.

Wapangaji walihamia mwezi uliofuata. Waliegesha magari kati ya kibendera na kibendera, na wakaambizana kwamba uwanja ule una mpangilio. Kibali cha Koplo kilirefushwa miaka miwili.

Siku kilipofika kwa posta, Koplo alikaa kwenye kochi akiwa bado na viatu vya kazi. Kibendera kiliota kwenye kiatu chake cha kushoto, kikapenya kati ya kamba. Shemeji aling'oa ubao wa sakafu, akaingiza mkono hadi kwenye bega.

"Safari hii si mimi," alisema. "Humu hamna kitu, shemeji."

Koplo alihamia kwenye kiti cha jikoni. Kibendera kilihama naye.

"Vua viatu basi, unaleta udongo," mkewe alisema.

Alivua viatu, akavua na soksi. Kijiti kilikuwa kimeota kwenye mguu wenyewe, juu ya vidole, hapakuwa na damu wala hakikumuuma. Mkewe alikikagua, akakitikisa kuona kama kimeshika. Kilikuwa kimeshika. Akachukua kadi yake ya hospitali, yenye tarehe mpya za miaka miwili, akaitungika pale kwenye waya ili isipotee.