Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Pale mahakamani walimwita Bi Nukta, na jina hilo alijivunia kuliko cheo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichapa majalada ya rufaa, na hakuna wakili aliyewahi kumrudishia ukurasa akisema pamepungua neno. Hakimu akiandika kwa mkono kwamba shahidi alikohoa, Bi Nukta alichapa kwamba shahidi alikohoa. Kuelewa, alizoea kusema, kuna wanaolipwa kwa kazi hiyo. Yeye analipwa kuchapa. Basi vidole vilisoma, kichwa kikawaza mboga ya jioni.

Ndiyo maana barua ya yule mfungwa ilimchoma.

Mfungwa mwenyewe alikuwa dereva wa lori, amehukumiwa miaka miwili kwa makosa mawili: kumfuatafuata aliyekuwa mkewe, fundi cherehani, na kumtishia kumuua. Bi Nukta aliichapa kesi yote. Alichapa jinsi fundi alivyohama mara tatu, na kila alikohamia, baada ya wiki mbili tatu mlango uligongwa mara tatu, polepole, halafu kimya. Akifungua hakuna mtu, ila uzi mwekundu umefungwa kwenye kitasa. Alichapa na ule ujumbe wa simu: "Hama uchoke. Mimi sichoki." Dereva alikata rufaa kupinga makosa yote mawili, akapelekewa nakala ya jalada gerezani kama sheria inavyotaka. Hazikupita siku nyingi akaandika, kwa mwandiko mzuri uliotulia, kwamba kumbukumbu hazijakamilika. Siku ya ushahidi alimwona hakimu kwa macho yake akimwinamia shahidi, akaandika karatasi pembeni na kuikunja. Karatasi hiyo iko wapi? Mtu hawezi kutetea haki yake kwa jalada lenye pengo.

Pengo. Bi Nukta hakula mchana siku hiyo. Alimwambia karani wa meza ya pili kwamba huyo mfungwa anamtafutia ubaya, akalishusha jalada halisi kutoka kabatini na kulipekua karatasi moja moja. Kumbe kweli bwana. Kwenye gamba la nyuma, chini ya pini iliyoshika kutu, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa hakimu aliyekwisha kustaafu. Aliona haya kama mpishi aliyekutwa na unywele kwenye sahani. Akaichapa upesi, akaipa namba, msajili akatia sahihi bila kuinua macho, na nakala tatu zikaenda: moja kwa jaji, moja kwa wakili wa serikali, moja gerezani.

Siku ya rufaa mwandishi wa jaji aliugua, Bi Nukta akaitwa kukaa na mashine yake mbele ya meza kuu. Ndipo alipomwona dereva. Alitegemea jitu, akaletewa mtu mwembamba, amechana nywele, mwenye adabu zake. Jalada amelikumbatia kifuani. Kurasa zote zilikuwa safi, isipokuwa moja iliyokunjwa pembe na kuchafuka kwa kushikwashikwa.

Jaji alianza kwa kushangaa. Kwa hesabu ya gereza, alisema, kifungo hiki kinaisha baada ya siku tisa. Je, mrufani bado anaendelea?

"Naiondoa rufaa, mheshimiwa."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini mwaka mzima?"

"Kumbukumbu zikamilike. Zimekamilika." Akageuza shingo taratibu, akamtazama aliyekaa kwenye mashine. "Namshukuru mama mchapaji."

Vidole vilichapa yote hayo, hadi "mama mchapaji", kisha vikasimama. Kichwa kilikuwa kimevitangulia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mfungwa aliomba abaki na nakala yake, jaji akamjibu ni haki yake. Rufaa ikafutwa. Askari wakamtoa, naye njia nzima anaipapasa ile pembe iliyokunjwa.

Bi Nukta alifungua nakala ya jaji palepale. Ukurasa wa arobaini na mbili. Safari hii alisoma kama watu wanavyosoma.

"Isichapwe wala kunakiliwa. Mshtakiwa asijulishwe. Shahidi wa kwanza amehamia nyuma ya kiwanda cha sabuni, geti la kijani, mlango wa tatu."

Alikuwa amechapa hata hilo neno isichapwe. Hakukosea herufi.

Msajili alipoelezwa alishusha pumzi, akasema iandikwe barua, polisi watajulishwa kwa utaratibu. Bi Nukta aliujua utaratibu. Barua zake alizichapa yeye, na alijua zinachukua muda gani. Alichukua mkoba akatoka saa nane mchana, bila ruhusa ya mtu.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Nyuma ya mlango wa tatu cherehani ilikuwa ikienda mbio, na mtu anaimba chini chini kwa raha zake, sauti ya mtu aliyeanza kusahau. Bi Nukta aliinua mkono agonge, akakumbuka, akaushusha. Aliogopa hata kivuli chake pale mlangoni.

"Hodi, mwanangu," aliita. "Ni mwanamke."

Cherehani ikanyamaza. Ilipita dakika nzima ndipo mlango ukafunguka upana wa jicho moja.

"Nani kakuonyesha hapa?"

Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakamtoroka. "Natoka mahakamani. Mimi ndiye ninayechapa majalada. Nimepachapa hapa kwako, mwanangu, na karatasi anayo. Anatoka baada ya siku tisa."

Fundi hakulia wala hakumtukana, na heri angemtukana. Aliacha mlango wazi, akarudi ndani, akachomoa waya wa cherehani, akaanza kukunja nguo za wateja, zilizokwisha huku, ambazo bado kule, kwa mikono iliyoizoea kazi hiyo. Kila baada ya muda alitazama kitasa. Bi Nukta akashika upande wa pili wa shuka bila kuombwa, wakakunja pamoja.

Walipokwisha kuifikisha cherehani mlangoni, Bi Nukta alishindwa kujizuia. "Sasa utahamia wapi, mwanangu?"

Fundi alisimama, akamtazama vizuri, bila hasira.

"Hilo, mama," alisema, "wewe usiulize."